Ufito, vifuu au pwani: njia ipi itamchosha mbwa mwenye nguvu nyingi hapa Unguja?

Mbwa wetu Bobi alipofika mwaka mmoja na nusu alikuwa keshachimba mashimo 4 chini ya ukuta, keshavunja mipapai 2 michanga, na Alhamisi moja jioni akaiangusha kamba nzima ya nguo. Kanga za mke wangu, kanzu yangu ya Ijumaa na sare za skuli za watoto zote zikalala mchangani, zimelowa mate. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunajua maana yake: kila kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Siku hiyo tulifua mpaka saa 4 usiku.

Mbwa mwenyewe hana ubaya. Mama yake ni wa kienyeji, baba ni wa kizazi kile cha Kijerumani kinachotumiwa na polisi, na mchanganyiko huo umetoa mnyama mwepesi, mwenye masikio yasiyolala. Tulimchukua atulindie nyumba na banda la kuku huku Kianga, na kulinda mali ni sababu inayokubalika katika dini. Kilichotushinda ni nguvu zake zisizokuwa na pa kwenda. Tangu usiku ule wa kufua nimejaribu njia moja baada ya nyingine, nyingine kwa wiki, nyingine kwa miezi, na hapa naziweka ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mtu mwenye mbwa kama huyu, ua kama wetu na majirani kama wetu.

Mizani yangu ina mambo manne: joto, ukubwa wa ua, majirani, na mate. Hilo la mwisho hulikuti katika maelezo ya wageni, lakini kwetu ndilo linaloamua kama mchezo utadumu au utaachwa. Mbwa mkavu akipita kwenye nguo kavu, hakuna la kufua. Akiwa amelowa, au ukashika kitu kilichotoka mdomoni mwake, una kazi ya maji na udongo. Mchezo unaokulazimisha kushika mate mara 50 kwa jioni moja hautaendelea katika nyumba inayosali, hata ukiwa unamfaa mbwa kiasi gani.

Kumfungulia tu uani

Hii ndiyo njia ya wengi: mchana mnyororo, usiku anafunguliwa. Naitaja kwanza ili niiondoe. Mbwa anayekaa mnyororoni kutwa hapumziki, anajilimbikizia nguvu. Na akifunguliwa peke yake hafanyi mazoezi yoyote ya maana. Atazunguka dakika 5 za mwanzo, kisha atajitafutia kazi: kufukua, kubwekea kila apitaye, kutafuna mpira wa maji. Mbwa hakimbii kwa kuwa pana nafasi. Hukimbia kwa kuwa pana kitu cha kufukuza, harufu ya kufuata au mtu wa kwenda naye. Ua mkubwa usio na hivyo hauna tofauti kubwa na mnyororo mrefu.

Barabarani au pwani?

Kumtembeza kwa kamba ndiyo njia ya kwanza inayomjia kila mtu akilini, na kwa mbwa ni njema kweli. Anapata miguu, anapata harufu mpya, anajifunza kutulia watu wanapopita. Mate hayakufikii, maana kinachokuunganisha naye ni kamba. Huhitaji ua wala pesa.

Taabu ni majira na watu. Wenyeji wengi wa mitaa yetu wanamuogopa mbwa au wanajikinga naye kwa ajili ya twahara, na wana haki hiyo. Ukitoka saa 11 alfajiri utakutana na wazee wanakwenda msikitini na udhu wao. Ukitoka saa 1 asubuhi utakutana na watoto wa skuli, na mtoto akimuona mbwa hukimbia, na mbwa akimuona anayekimbia humfuata. Baina ya alasiri na magharibi uwanja wote ni wa mpira na watoto wanaotoka chuo cha Kurani. Kwangu umebaki mwanya mmoja asubuhi, pale watu walipokwisha kurejea kutoka sala ya alfajiri na watoto hawajatoka, yaani nusu saa hivi kuelekea saa 12 na nusu. Wa pili ni baada ya isha. Kamba naishika fupi, isizidi mita 2, na nikimuona mtu mbele mimi ndiye ninayebadilisha upande. Bibi mmoja jirani yetu, ambaye miezi ya mwanzo alikuwa akifunga mlango akituona, siku hizi hutusalimia kutoka barazani. Salamu ile naithamini kuliko mwendo wenyewe, kwa sababu malalamiko ya mbwa yakifika kwa sheha hayaishi upesi.

Pwani ina raha zaidi na gharama zaidi. Mchanga mweupe hauchomi nyayo kama lami, upepo upo, na mbwa anayekimbia kwenye mchanga laini huchoka upesi kuliko barabarani. Akiogelea dakika 10 amefanya kazi kubwa, tena bila kuumiza maungo, jambo zuri kwa mbwa mnene au mzee. Lakini daladala haimpakii mbwa, kwa hiyo sisi wa ndani ya kisiwa tunategemea gari ya mtu. Mimi huazima pikapu ya shemeji yangu, na shemeji haazimwi kila siku. Kisha anarudi amelowa chapa, amejaa chumvi na mchanga, na hapo ndipo nguo, viti na mikono vyote vinaingia katika hesabu ya kuosha. Maji ya bahari akiyanywa sana atatapika na kuharisha, basi chukua dumu la maji baridi ya kunywa, umpe kabla hajayatamani ya bahari.

Pwani za mashariki, Paje na Jambiani, zina jambo la ziada. Maji yakipwa yanakwenda mbali, na kule chini kina mama wamefunga mwani kwenye vigingi na kamba. Mbwa akiingia mbio humo anakata kazi ya wiki kadhaa ya mtu. Mawe ya matumbawe nayo hukata nyayo. Kaa upande wa mchanga wa juu, na usimfungue kamba hata kama pwani inaonekana tupu, kwa sababu mbwa wa mitaani wapo na hawapendi mgeni.

Kati ya hizo mbili, barabara ni ya kila siku na pwani ni ya mara moja kwa wiki kwa mwenye gari. Ila zote mbili zina sharti moja: chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hujamtoa nje ya ukuta. Ndugu zetu wa Pemba waliutokomeza ugonjwa huo kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena, wakautokomeza kwa kuchanja tena. Mbwa wako asiye na chanjo asiwe mlango wa kurudi kwake.

Ufito au mpira?

Hapa ndipo wengi wanapokosea kununua. Mpira ni rahisi: unarusha, anafuata, analeta. Mbwa akishajifunza utasimama mahali pamoja naye akimaliza kilomita. Nilianza na huo. Baada ya wiki mbili nikaona kasoro tatu. Ua wetu una mita 12 tu kwa urefu, na mbwa wa kilo 28 akifika ukutani kwa kasi hana pa kusimama. Sakafu ya saruji mbele ya baraza ilimteleza akachechemea siku 3. Na kila mpira ukirudi umelowa, kisha unaushika, unarusha, unaushika. Juu ya hayo, mbwa wa aina ya Bobi hulewa mpira. Hatulii nao. Ulipokwisha mchezo alikuwa akinitazama mkononi usiku kucha.

Ufito ni jambo jingine. Chukua ufito wa mwanzi au mti mwepesi wenye urefu wa mita 1 na nusu, funga kamba ya mita 2 kwenye ncha, na mwisho wa kamba funga kitambaa kikuukuu. Unakiburura kitambaa chini kwa duara, mbwa anakifukuza. Wewe umesimama katikati ya ua, mate yamebaki kule mwisho wa kamba, na eneo la mita 5 kwa 5 linatosha. Dakika 10 za ufito zimemchosha Bobi kuliko dakika 40 za barabara, kwa sababu anageuka, anapunguza mwendo, anavizia, anaruka, yaani mwili wote unafanya kazi.

Ila ufito unahitaji adabu yake, na adabu hiyo ndiyo nusu ya faida. Kabla ya kukisogeza kitambaa, mwambie akae. Akikaa, sema “haya” ndipo ukiburure. Akikamata, muache akitafune kidogo ajisikie ameshinda, kisha “acha”, na akiacha mchezo unaanza upya. Asiyeacha, ufito unasimama, hakuna kuvutana wala kumfokea. Ndani ya wiki 3 Bobi alijifunza kujizuia akiwa katika moto wa mbio, na siku kuku alipotoka bandani nilisema “acha” akasimama. Mpira haukunipa hilo.

Tahadhari: kitambaa kiburuzwe chini, si juu. Mbwa aliye chini ya mwaka mmoja, na wale wakubwa wa mwili hata mpaka miezi 18, mifupa yake bado inakua mwishoni mwa maungo, na kuruka na kugeuka kwa ghafla kunaweza kumletea kilema. Kwa hao fanya dakika 3, taratibu, kwenye mchanga au nyasi.

Vifuu, pakacha na dagaa

Ami yangu wa Makunduchi ni msasi. Yeye na wenzake huingia msituni na kundi la mbwa kuwatafuta nguruwe wanaofukua mihogo ya watu. Nilipokwenda kumlalamikia habari za Bobi aliniuliza swali moja tu: “Pua yake unaipa kazi gani?” Sikuwa na jawabu. Mbwa wake, mwembamba na mtulivu, alikuwa amelala chini ya mwembe. Asubuhi ile alikuwa ametembea saa kadhaa, na ami akanieleza kwamba mbio halisi hazikuzidi dakika chache. Zilizobaki zote zilikuwa kunusa.

Nilirudi Kianga na fikra hiyo, na leo ukiniuliza njia ipi ya kuanza nayo katika nyumba za kwetu, nitasema hii. Pua ya mbwa ina mamia ya mamilioni ya vipokezi vya harufu, sisi tuna milioni chache, na kuzipanga harufu hizo ni kazi nzito ya kichwa. Robo saa ya kutafuta humlaza mbwa kama mwendo mrefu, bila jua, bila kelele, bila ua mkubwa.

Vifaa viko jikoni. Chukua vifuu 3 vya nazi iliyokwisha kunwa, vifunike chini, kimoja kiwe na dagaa. Mbwa anuse, aguse kwa mkono, wewe ukifunue kwa mguu au kijiti. Akishaelewa, ongeza viwe 6, uvitawanye uani, vingine nyuma ya pipa, vingine kwenye mizizi ya mti. Siku nyingine tia chakula chake cha jioni kidogo kidogo ndani ya pakacha lililojaa makuti makavu au maboksi yaliyochanwa, apekue. Siku ya mvua, kunja kanga kuukuu uisokote na punje za ugali ndani, aifungue mwenyewe. Na siku ambayo huna nafasi kabisa, mwaga chakula chote kwenye nyasi badala ya bakuli. Atatumia dakika 20 kula alichokuwa akikimaliza kwa dakika 1.

Dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waoshe na uwaanike tena, na idadi iwe ndogo, kumi au kumi na tano kwa siku. Usimwache na kumbi la nazi alitafune peke yake. Nyuzi zake zikikusanyika tumboni huziba matumbo, na hapo ni upasuaji. Kifuu chenyewe kikipasuka kina ncha kali, kikusanye mchezo ukiisha. Vitunguu, vibichi au vya kupikwa, ni sumu kwa mbwa, basi mabaki ya mchuzi yasitumike kama zawadi.

Kwa upande wa mate, njia hii imezishinda zote. Vifuu, pakacha na kanga ile vinakaa kwenye ndoo yao nyuma ya nyumba, havichanganyiki na vyombo vya watu, na mimi navishika kwa glavu za mpira. Watoto wangu, ambao mke wangu hakutaka wamguse mbwa, wanashiriki kwa kuficha dagaa kabla Bobi hajafunguliwa na kumtazama wakiwa dirishani. Ni mchezo pekee ambao nyumba nzima imo.

Udhaifu wake upo. Mbwa kijana mwenye misuli hawezi kuishi kwa pua peke yake. Wiki niliyougua homa na kumchezesha vifuu tu, siku ya tano alianza tena kuruka ukutani. Anahitaji kunyoosha miguu kila siku, hata kama ni nusu saa.

Kuvutana kamba

Nitapita haraka. Kamba nene ya katani, mbwa upande mmoja na mtu mwingine. Inachosha, inajenga uhusiano, na si kweli kwamba inamfanya mbwa awe mkali mradi anajua “acha”. Lakini mate yapo mkononi mwako moja kwa moja. Ukiipenda, funga kamba kwenye tawi la mwembe kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili inepe, kimo cha mdomo wake, avutane na mti akiwa na miguu yote 4 chini.

Joto linabadilisha hesabu yote

Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anapoza damu kwa kuhema, na hewa yenye unyevu kama yetu inapunguza nguvu ya kuhema huko. Ndiyo maana mchezo uliomfaa mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, unaweza kumuua mwezi wa Februari wakati wa kaskazi. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni baina ya nyuzi 38 na 39. Likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Dalili ni kuhema kusikokoma, mate mazito kama ute, ufizi mwekundu sana, kuyumba, kutapika. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya mferejini mwili mzima hasa tumboni na mapajani, mpepee, umpe maji kidogo kidogo, kisha kwa daktari wa mifugo hata akionekana amepata nafuu. Sote tumesimuliwa tangu chuoni habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kumnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Bakuli la maji la Bobi halikauki, na kabla na baada ya kula napisha saa nzima bila mbio, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu kwenda chini kama chake tumbo huweza kujisokota.

Kwa kaskazi, basi, ufito naupunguza uwe dakika 5 alfajiri, barabara ni usiku tu, na mchana ni vifuu chini ya kivuli cha baraza. Masika nayo yana lake: madimbwi yenye mkojo wa panya huambukiza homa mbaya ya ini na figo, kwa hiyo siku za mvua kubwa hatoki, pakacha linafanya kazi mara 2. Kusi ndiyo majira ya pwani.

Uchague ipi?

Kama una ua mdogo wenye ukuta na watoto wadogo, anza na vifuu wiki nzima, kisha uongeze ufito. Hiyo ndiyo jozi yetu, pamoja na mwendo wa asubuhi, na jumla yake haifiki saa moja na nusu kwa siku. Kama huna ukuta kabisa, ufito na mpira usivifikirie, kwa sababu mbwa aliyepandwa na moto wa kufukuza hatarudi akiona paka wa jirani. Chukua barabara kwa kamba fupi na chakula chote akile kwa kutafuta. Mwenye shamba kule Mwera au Dole ana bahati: kamba ndefu ya mita 10, mbwa anuse mipaka ya shamba asubuhi na jioni, nawe ukague mihogo yako hapohapo.

Mwenye mbwa mzee au mwenye maungo mabovu aende pwani kwa kuogelea, akipata gari, na nyumbani abaki na pua. Na aliye katika nyumba za ghorofa asizidanganye nafsi yake na ya mnyama. Kwa mbwa wa aina hii, vyumba viwili na veranda havitoshi, hata ucheze vifuu mara 5 kwa siku.

Ukishaichagua, ipe wiki 3 kabla ya kuibadilisha. Ikiwa baada ya hapo bado anatafuna, anajikuna na hatulii, mkague kupe masikioni na baina ya vidole, na uulize habari ya kumhasi, maana dume anayenusa jike la mtaa wa pili hachoshwi na ufito wala bahari.